Leso Haijalowa

Dama alirudi kutoka mafunzo ya Msambweni na boksi la mifuko ya plastiki na cheo kirefu kuliko zamu: Kiongozi wa Mabadiliko. Zahanati yao, njia ya Bodo, ilikuwa na wauguzi wawili. Wa kubadilishwa alikuwa mmoja, Bi Menza, mkuu wa zahanati na tena mama mkwe wake.

"Kiongozi, shikamoo!" Bi Menza alimtania kila asubuhi, huku mifuko ameifungia kabatini pamoja na dawa. Jioni walikula sinia moja. Dama angeshtaki kwa nani? Mumewe alikuwa mwana wa mama.

Mfuko hutandikwa chini ya mama anayejifungua, damu ikaingia humo, mistari ya kipimo ubavuni ikasema imefika wapi. Bi Menza alipima kwa leso, hizi khanga za kujifunga: ikilowa moja, kawaida, zikilowa mbili, shtuka. Ndivyo alivyomfunza Dama mwenyewe.

Alhamisi, Mapenzi alijifungua mtoto wa kike. Bi Menza akainua leso aliyokuja nayo mzazi. "Hata nusu haijalowa. Mpe chai."

Lakini Mapenzi alipiga miayo, midomo imempauka, mkono baridi. Kumpinga mkwe mbele ya mgonjwa ni kumvua nguo, na jioni sinia ni lile lile. Dama akaishika leso ili apate la kufanya. Ikamteleza vidoleni. Nailoni! Akapitisha mkono chini ya mgongo wa Mapenzi, ukatoka mwekundu hadi kiwiko.

"Mama, leso hii hainywi. Damu yote iko kwenye godoro."

"Unanifunza leso, Dama?"

"Leso umenifunza wewe. Hii ni nailoni ya Ukunda. Nipe ufunguo, mama, anatuondokea!"

Bi Menza aliutazama ule mkono. Akafungua pindo la leso yake, ya pamba, ufunguo ukatoka. Dama akachoma sindano, akatundika dripu, akatandika mfuko. Bi Menza akakanda tumbo kwa nguvu zake zote. Wakaukodolea macho mstari mpaka damu ikaacha kupanda.

"Chai yangu je?" Mapenzi akauliza.

Jioni Bi Menza hakula. Alimsogezea Dama kichwa cha samaki, na kando yake ufunguo.

"Mimi sasa siyaamini macho yangu. Kila mzazi, utakuwepo wewe."

"Mama, na siku yangu ya mapumziko?"

"Kula haraka, Kiongozi. Mke wa Sefu ameshika uchungu."