Asilimia ya Kilio

Habari kwamba baba yake amefariki kwao Kasaji ilimkuta Jocelyne akipanga matengenezo ya pampu. Ndiyo kazi yake, katika kampuni moja inayosafisha upya mabaki ya madini karibu na Kingamyambo, mjini Kolwezi. Aliweka simu mezani, akamaliza mstari aliokuwa akiuandika, kisha akaenda kwa mkuu wake, Ruffin.

Ruffin alisimama, akamshika mkono. "Pole, mama. Enda kwenu. Lakini ingiza ruhusa mu programu mbele ya kutoka."

Tangu iletwe programu ya kusimamia kazi, ruhusa ya karatasi ilikuwa imefutwa. Jocelyne akafungua kazi mpya, akaandika: Kumzika baba. Programu ikataka tarehe ya kumaliza na jina la mhakiki. Ikataka pia hatua. Akaandika safari, mazishi, kurudi. Ikakubali.

Huko Kasaji alikuta wanawake wamekaa chini uani, dada yake Bilonda katikati yao, sauti imemkauka kwa kulia. Jocelyne akakaa karibu naye. Machozi hayakuja. Simu ikatetemeka, programu ikimkumbusha: hujaweka asilimia.

Akaenda nyuma ya nyumba, akampigia Ruffin.

"Tata Ruffin, asilimia ya nini? Hatujamuzika bado."

"Najua, mama. Weka tu kitu. Ikibakia nyekundu, bakubwa ba Lubumbashi bananiuliza mi."

"Niweke ngapi?"

"Makumi tatu. Safari si imeisha?"

Akaweka thelathini. Bilonda alikuwa amemfuata.

"Unaandikia nani?"

"Ba kazini. Banauliza tumefika wapi."

"Baambie tata yetu angali mu nyumba," Bilonda alisema, akarudi kwa wanawake.

Kaka yao mkubwa, Tshibangu, alikwama njiani, mazishi yakasogezwa. Programu ikauliza sababu ya kuchelewa: vipuri, umeme, mkandarasi au mvua. Ilikuwa kiangazi, vumbi limefunika hata majani ya mihogo. Jocelyne akachagua mvua.

Walimzika baba. Ili kufunga kazi, programu ilitaka picha. Jocelyne aliliangalia kaburi, akairudisha simu mfukoni.

Aliporudi Kolwezi, kwenye mkutano wa asubuhi orodha ilionyeshwa ukutani. Kumzika baba ilikuwa nyekundu, kati ya pampu mbili. Mhandisi mmoja aliangalia viatu vyake. Ruffin alijaribu kuifuta pale pale, programu ikakataa: haina ushahidi. Mwishowe akabandika picha ya pampu iliyotengenezwa wiki ile. Mstari ukawa kijani, na Jocelyne akapata ujumbe wa pongezi.

Aliusoma. Akangoja kidogo, labda hasira ingekuja. Haikuja. Akafungua kazi iliyofuata.

Jioni Bilonda alipiga simu.

"Umeshalia?"

"Bado," Jocelyne alisema, na wakaanza kuzungumza juu ya nani atakayebaki na mama yao.