Ukingo Mbichi

Nilipokuwa na miaka saba, baba alikuwa akinitumbukiza ndani ya kasiki. Usishtuke. Baba yangu, Mzee Vazha, alikuwa mfinyanzi wa kasiki za divai, zile zinazozikwa ardhini mpaka shingoni, na nyumbani kwetu ni mimi tu niliyekuwa mdogo kiasi cha kuingia na kulainisha kwa ndani viungo, pale tabaka moja la udongo linaposhikana na jingine. Masharti yalikuwa mawili: nisiguse ukingo, na nisiache kuimba.

"Imba, Lamara, nijue uko hai," alikuwa akiniambia.

Mle ndani sauti yangu ilirudi nene, kama ya mtu mzima. Harufu ile ya udongo mbichi naipenda mpaka leo kuliko manukato yoyote.

Nilipovunja ungo, baba alinitoa katika banda lake la ufinyanzi. Tanuri si mahali pa mwanamke, alisema, akamfundisha kaka yangu Gocha, ambaye hakupenda hata matope ya mvua. Mimi nikaenda mjini Zestaponi kuunganisha simu za watu. Miaka thelathini na moja ya "subiri kidogo, nakuunganisha," mpaka kila mtu akawa na simu yake mfukoni nasi tukaambiwa asante, kwaherini. Gocha naye akaenda Poland kuendesha malori. Banda likafungwa.

Nililifungua nikiwa na miaka hamsini na sita. Baba, wa miaka themanini na minne, macho yameingia ukungu, aliketi mlangoni akinung'unika.

"Hujachelewa kidogo, mwanangu?"

"Nimechelewa sana. Nisogezee hiyo ndoo."

Kasiki haina haraka. Kwa siku unaongeza shubiri moja tu ya udongo, kisha unaiacha ishike. Lakini ukingo una saa yake. Ukiuwahi ungali mbichi mno, unaporomoka. Ukikauka, haushikani tena na udongo mpya. Kasiki yangu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo. Walikuja majirani, meza ikaandaliwa, na kwetu mwenye meza akishasimama na glasi mkononi kuwaombea watu heri, hakuna anayebanduka kitini mpaka amalize. Nilikaa kwa adabu mpaka jioni, ukingo ukanikaukia. Ndani ya tanuri kasiki ilikatika kuzunguka kiungo kile kile, kama kofia iliyovuliwa.

"Ungebaki na simu zako," baba alisema. Nililia, sisemi uongo.

Kumbe Gocha alikuwa akilitaka banda liwe la kuwekea gari lake. Baba akakata shauri: kasiki moja zaidi. Ikipasuka, ufunguo ni wa Gocha.

Mwezi wa Septemba Gocha alikuja likizo na rafiki zake wawili. Tuliandaa chini ya mizabibu, na baba akawa mwenye meza. Kasiki yangu ilikuwa imefika mabegani, na saa ya ukingo ilikuwa saa nane mchana. Saa nane ilipogonga, baba alikuwa amesimama akiwaombea marehemu, ombi lililo zito kuliko yote, na alikuwa ndiyo kwanza amemfikia mama yangu.

Nikasimama.

"Dada, umechanganyikiwa?" Gocha alinong'ona. "Mama ndiye anayetajwa!"

"Namsikia."

"Kaa chini! Wageni watasemaje?"

"Watasema Lamara ana kasiki."

Nilisema hivyo kwa ujeuri. Lakini mama nilimpenda. Hakuna mtu kijijini petu aliyewahi kuondoka mezani mzazi wake akiombewa.

Bandani nilikuta ukingo umeanza kuwa mweupe upande wa jua. Niliulowesha, nikapanga udongo mpya, nikaingiza kichwa na mkono ndani na kubana kiungo huku machozi yakinitoka. Halafu nikasikia fimbo kizingitini. Baba aliingia na glasi yake imejaa.

"Nisamehe, baba."

"Nyamaza." Aliupapasa ukingo kwa vidole, polepole, akauzunguka wote. "Mama yako aliniambia nimemtoa bandani mtoto asiyestahili kutolewa. Nilimjibu vibaya. Sikulisema hilo mezani hata mwaka mmoja."

Akainua glasi, akamwombea mama pale pale, wafinyanzi wawili tu tukiwa na udongo mikononi, akanywa yote.

"Gocha atafute pengine pa kuweka gari lake," alisema.

"Na hii ikipasuka?"

"Utafinyanga nyingine."

Alitafuta kigoda chake kwa fimbo, akakaa.

"Sioni kitu huku," alisema. "Imba, nijue uko hai."

Niliinama ndani ya kasiki nikaimba. Sauti ilirudi nene, na safari hii ilikuwa ya mtu mzima kweli.