Faili la Evodia

Barua tisa niliandika juu ya kifo cha mke wangu, Evodia. Ya kwanza kwa mganga wa zahanati, ya pili kwa diwani, nikaendelea kupanda hivyo hivyo mpaka mkoani. Kila moja ina kumbukumbu namba yake na YAH yake, yaani yahusu nini, na nakala zote ninazo kwenye mfuko wa rambo. Miaka kumi hakujibu mtu. Fidia sikutaka. Nilitaka mwenye cheo mmoja tu aandike: barua yako nimeipata, huyo mama alikufa, na sababu ni hii. Basi.

Alikufa mwaka tisini na sita, ule wakati tulioambiwa kila kitu sasa ni soko huria, na ukienda kutibiwa uchangie. Kituo cha kununua mahindi nilikokuwa napima mizani kilikuwa kimeshafungwa, sisi tumerudishwa nyumbani na ahadi. Zahanati ilikuwa na mlango na kitanda, dawa haina. Wakubwa wakiumwa walipanda ndege, sisi tukaambiwa tujifunze ushindani. Haya.

Miaka kumi baadaye nilikuwa mlinzi wa mchana kwenye duka la mabati na misumari pale Majengo, Sumbawanga, duka la familia moja ya Kihindi. Ubavuni mwa duka walifungua chumba cha intaneti, kompyuta tatu, na msimamizi wake alikuwa mkamwana wa mwenye duka, anaitwa Hansa. Huyu aliletwa kuolewa kutoka India hajui neno la Kiswahili. Kiswahili alijifunzia kaunta, kwa hiyo alianza na bei, akafuata matusi ya wapagazi, salamu zikaja mwisho. Lakini zilipokuja zilikuja kweli. Kila asubuhi, "Shikamoo, Mzee Gaudensi," na kikombe cha chai ya tangawizi. Mimi niliyekuwa nimejiapiza sitampenda mtu yeyote mwenye duka, nikajikuta naitikia marahaba.

Mchana mvua ikinyesha wateja hukatika. Saa hizo Hansa alitoa daftari la shule akaandika kwa penseli, herufi za kwao zilizojikunja, anafuta, anaandika tena. Akimaliza anahamia kwenye kompyuta na kupiga chapa.

"Barua ndefu hivyo unamwandikia nani?" nilimwuliza siku moja.

"Simwandikii mtu. Ni blogu."

"Ndiyo nini?"

Alifikiri. "Kama gazeti, lakini langu peke yangu. Naandika hapa, mtu akiwa India, akiwa Uingereza, anafungua anasoma. Akitaka anajibu chini."

"Mhariri nani?"

"Hakuna."

"Kibali umechukua wapi?"

"Mzee, hakuna kibali."

"Na mhuri?"

Akacheka mpaka akaweka penseli chini. "Hakuna mhuri. Unaandika tu."

Sikumwamini. Nchi hii hata kuzika unaomba karatasi. Nikamwuliza anaandika nini basi kisichohitaji mhuri.

"Nilipofika hapa sikuwa na mtu wa kuongea naye," alisema. "Baba mkwe anaongea bei. Mume wangu anaongea bei. Mimi nikaanza kuandika baridi ya Sumbawanga. Kwetu watu hawaamini Afrika kuna baridi ya kuvaa sweta mbili. Mama yangu hajui kusoma kompyuta, kaka anamsomea jioni. Mama anasema akisikiliza ananiona nimekaa."

Hilo la kuonekana umekaa lilinigusa, ila sikuonyesha.

Siku zilizofuata nikawa navuta kiti changu mpaka mlangoni mwa chumba, jicho moja kwenye mabati, jingine kwenye kioo cha kompyuta. Hansa alikuwa na wenzake, Wahindi wa huko huko India, nao wana blogu. Waliandikiana papo kwa papo kwa Kiingereza, yeye akanigeuzia kwa Kiswahili. Nilimwambia awaulize kwa nini wanajisumbua.

Mmoja alikuwa mzee kama mimi, jina lake Venkoba, karani mstaafu wa stesheni ya treni. Alijibu: "Mwambie mlinzi, miaka thelathini na sita niliandika kwa niaba ya mkubwa. Sasa naandika kwa niaba yangu."

"Huyo ana akili," nilisema.

Mwingine mama mkulima, Sharada, wa upande wa Mysore. Yeye huandika mambo ya shamba. Hansa aliposoma kwamba wanalima ulezi na wanapika ugali wake, nilidhani amekosea kugeuza.

"Mhindi anakula ugali wa ulezi?"

"Anaufinyanga mviringo kama mpira," alisema Hansa. "Anauliza, ninyi mnautafuna?"

"Tunautafuna, kwani tuna mapengo?"

"Anasema wao hawatafuni. Wanameza."

"Basi ndiyo maana wana muda wa kuandika."

Sharada alicheka huko kwao. Hansa alinionyesha alama ya kicheko. Kisha akauliza mimi nina nini cha kuandika. Nikasema barua ninayo, tena tayari, nakala zipo.

Kesho yake nilikuja na mfuko wa rambo. Nilichagua barua ya sita, ndiyo kali, nikabadilisha anwani tu, maana namna nyingine ya kuandika siijui. Ikawa hivi: Kwa Wasomaji, India. Kupitia kwa Hansa, Majengo. YAH: KIFO CHA MKE WANGU EVODIA. Humo ndani nikawapanga wote: mganga aliyekuwa semina, diwani na ahadi zake, barabara iliyokatika, gari la wilaya lililopita bila kusimama. Hansa aliigeuza kwa Kiingereza akaiweka kwenye blogu yake bila kuondoa hata hiyo YAH.

Baada ya siku mbili aliniita. Majibu kumi na moja yalikuwa yamefika. Mimi nimengoja moja miaka kumi.

Walinipa pole. Venkoba aliandika kwamba wakubwa wa kwao na wa kwetu bila shaka walisoma darasa moja. La mwisho lilikuwa la Sharada. Hansa alilisoma kimya kwanza, kisha taratibu:

"Ndugu Gaudensi, pole sana. Mganga nimemwona. Diwani nimemwona, gari nimeliona. Evodia sijamwona. Alikuwa anashikaje jembe?"

Nikasimama. "Mwambie mimi nimeandika habari ya kifo, si ya jembe."

"Anauliza kwa wema, Mzee."

"Wema wa maneno hata wale wa wilayani wanao."

Nikarudi kwenye mabati. Lakini swali halikubaki kule chumbani, nilikwenda nalo nyumbani. Nilikaa nikamtafuta Evodia, na kila nikimtafuta nampata juu ya kile kitanda cha zahanati. Nyuma ya hapo, giza. Miaka kumi na sita ya ndoa, nami nilikuwa nimebaki na siku mbili za mwisho, kwa sababu hizo ndizo nilizoziandika mara tisa. Nilipekua barua zote. Hakuna panaposema alikuwa mrefu au mfupi.

Sikujibu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Chai ya Hansa niliinywa nikiangalia barabarani.

"Sharada anauliza tena," alisema asubuhi moja.

Nikapuliza chai.

"Na Venkoba anauliza. Nimewajibu."

"Umewajibu nini?"

"Nimesema faili la Evodia liko kwa mkubwa. Mkubwa yuko semina."

Aliondoka na kikombe, mgongo umenyooka, kama hakusema kitu. Mimi nikabaki na yale maneno. Watu walikuwa wameandika kuuliza habari za mke wangu, na aliyekalia jibu nilikuwa mimi.

Jumamosi niliomba ruhusa nikaenda Izia kwa binti yangu Angela. Mama yake alifariki Angela akiwa na miaka kumi na nne. Sasa ameolewa na ana shamba pembeni huko, mji unapoishia. Ilikuwa Februari, kazi ya matuta yetu ya mviringo, yale tunayoita ntumba: unakusanya nyasi katikati, unazunguka na jembe ukizifunika kwa udongo zioze ndani. Nilikaa juu ya gogo nimtazame.

"Baba, umekuja kusimamia?"

"Lima tu."

Akalima. Nami nikaona kitu nilichokuwa nimekiona mara mia bila kukiona. Angela anakula kwa mkono wa kulia, anaandika kwa wa kulia. Jembe alikuwa amelishika kimashoto.

"Nani alikufundisha kushika hivyo?"

"Mama, nani mwingine? Nilikuwa natembea nyuma yake, nafuata anavyofanya. Nilipokuja kujua kwamba yeye ni mashoto na mimi sivyo, mikono ilishazoea." Akapangusa jasho. "Ulikuwa umesahau?"

Niliinuka kwenye gogo. Alinipa jembe jingine.

Nilianza kuzunguka tuta kwa upande wangu, yeye kwa upande wake, na hapo ndipo Evodia aliponirudia mzima, si wa kwenye kitanda. Kwenye ulimaji wa pamoja, wasichana wenzake walikuwa hawataki kushika naye tuta moja, maana wao wote huzunguka upande mmoja, yeye anawajia kwa mbele, majembe yanagongana. Mimi nikasema nitalima naye. Tulianza tumepeana migongo. Kila mtu akazunguka njia yake, mimi kulia, yeye kushoto, na upande wa pili wa tuta tukakutana uso kwa uso. Alikuwa mfupi, meno ya mbele yameachana, udongo kwenye kope. Akasema, "Kumbe ulikuwa huku." Tukahamia tuta la pili. Siku ile tulikutana mara ishirini na kitu, na kila mara alisema neno lile lile, na kila mara nilicheka. Hata tulipooana, hata shamba likiwa la kwetu wawili tu, hakuliacha.

Angela alipofika upande wangu alinikuta nimeegemea mpini. Akanishika bega kwa mkono wenye udongo.

Jumatatu sikukaa kwenye mabati. Niliingia moja kwa moja kwa Hansa, nikamwamkia mimi kabla yeye hajaniamkia, akashangaa.

"Chukua penseli," nilisema.

Nilimwambia yote, tangu migongo mpaka kope. Aliandika bila kunikatisha. Diwani sikumtaja. Barua ya kumi, ya kwake, ninayo nyumbani na nitaipeleka, asidhani nimemsamehe, lakini humu hakuwa na kazi.

"Niweke YAH?" aliuliza Hansa, macho kwenye daftari.

"Weka. YAH: Mkono wa kushoto wa Evodia."

Jibu la Sharada lilikuja jioni ile ile tukiwa tunafunga duka. Hansa alinishika mkono wa koti akanirudisha kwenye kioo.

"Anasema sasa amemwona. Anauliza jambo moja tu: upande wa pili wa tuta, nani alikuwa anatangulia kufika?"

Mwenye duka alikuwa mlangoni na kufuli, anahema kwa sauti tusikie. Nilivuta kiti nikakaa.

"Yeye," nilisema. "Kila mara yeye. Andika leo leo, Hansa, mtu asisubiri."