Mashine ya Benon Ilipopumzika

Siku ya kumaliza matanga ya mume wangu Benon, ukoo wake ulikaa uani kwetu hapa Bwera, na baba yao mkubwa, Mzee Kathembo, akatoa neno. Chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara ya mpakani, kitabaki kwangu muda wote mashine ya Benon inacheza. Mashine ikifa, chumba kitakwenda kwa shemeji yangu Nobert, aweke magunia yake ya kahawa. Watu wakasema sawa. Na mimi nikasema sawa, maana siku ile mjane hana neno lingine. Lakini moyoni nilijua: mtu akipewa mlango wa mbele, wa nyuma haukawii.

Mashine yenyewe ni ya mchezo wa magari. Ina kiti, ina usukani, na kioo kikubwa kama televisheni. Benon aliinunua Kampala kwenye hoteli iliyofungwa, akaileta juu ya lori lililokuwa linakuja kubeba chumvi Katwe. Si kamari. Mtu anaweka sarafu, anaendesha, anagonga ukuta, anacheka, anaondoka. Wanakuja watu wa boda, wanakuja askari wa kambini. Afande Drani, ambaye hata baiskeli inamshinda, yuko hapo kila jioni. Mimi nakaa mlangoni na ukili wangu, nasuka mkeka, naangalia. Nikisikia tusi, nazima.

Nina sheria moja na wote wanaijua. Ijumaa, jua likikaribia kuzama, nazima mashine, nachomoa waya ukutani, natandika kitambaa juu yake. Inakaa hivyo mpaka jua la Jumamosi lizame. Nobert ananiita Mama Sabato. Namwacha aniite. Jina si baya.

Ndani ya mashine kuna diski, na kuna kifaa cha kuisoma. Kila Jumamosi jioni nikiwasha, nilikuwa nasikia kile kifaa kikinguruma polepole, halafu magari yanatokea. Mwaka huu kikaanza kukohoa. Jumamosi moja nilizima na kuwasha mara tisa ndipo kikasoma. Nobert alikuwa amesimama barabarani anahesabu.

"Mara tisa, shemeji! Hata ng'ombe anayekufa anasimama mara tatu tu."

Kesho yake akaenda kwa Mzee Kathembo. Mzee akatuma neno: Jumapili inayofuata atakuja kuangalia kwa macho yake.

Nikampigia simu Musimenta. Ni binti wa dada mmoja wa kanisani, ana meza ya kutengeneza simu na redio kule Kasese, upande wa Nyamwamba. Wengi hawampi kazi kubwa kwa sababu ni mwanamke na umri wake ni mdogo. Akaniambia, "Mama, kile cha kusoma diski kimechoka, na kingine hautakipata. Lakini iko kijisanduku kinakaa pahali pake. Kinasoma memori kadi, kama ile ya simu. Nitauweka mchezo ndani ya kadi huku huku Kasese, nikuletee."

Jumanne akaja. Akaweka ile kadi mezani, ndogo kama ukucha, akatoka kwenda kunawa na kula ugali niliomwekea jikoni.

Sasa nieleze nilichofanya, maana hapo ndipo jambo lilipoanzia. Nilibaki na ile kadi, nikaitazama. Nimeona mambo yanayobebwa ndani ya kadi kama hizo. Vijana wanapokezana, wanainamisha vichwa, na ukipita karibu wanazima simu. Nikajiuliza: najua nini kinaingia nyumbani mwangu? Musimenta namwamini, lakini kadi imepita mikono ya nani? Nikachukua simu aliyoniletea mwanangu Bwambale, nikaitumbukiza kadi pale pembeni ilipo nafasi yake. Simu ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, maneno mengi. Mimi niliishia darasa la saba. Nikaona neno moja ninalolijua, OK, nikaligusa. Ikauliza tena, nikagusa tena. Kwa adabu, kama unavyomjibu mgeni. Kisha nikafungua kuangalia: hakuna picha, hakuna chochote. Nikamshukuru Mungu kwamba kadi ni safi, nikairudisha mezani.

Musimenta akafungua mgongo wa mashine, akatoa kifaa cha zamani, akafunga kijisanduku, akatia kadi. Tukawasha. Magari yakatokea mara moja, bila kukohoa. Nilipiga vigelegele peke yangu. Gari la Kasese lilikuwa linapiga honi nje, Musimenta akakusanya vifaa mbio mbio. Akiwa mlangoni akasema, "Mama, iko taa, kataa kadogo pale nyuma. Ukikaona kanapepesa, ujue kadi inasomwa."

Wiki ile mashine ilicheza vizuri mno. Afande Drani akasema, "Mama, hii sasa iko fiti kuliko mimi." Kila asubuhi nikifagia nilichungulia kile kitaa. Kiliwaka, kimetulia tu. Hakikupepesa hata siku moja. Nikawaza kumpigia Musimenta, nikaacha. Magari si yanakimbia? Nimuulizie taa ya nini?

Ijumaa nikazima, nikachomoa waya. Nobert akapita na chupa yake ya soda. "Shemeji, na Mzee anakuja kesho kutwa! Acha tu iwake. Mungu hana haja na magari yako." Nikamwambia Sabato ni Sabato. Nikatandika kitambaa.

Jumamosi jua lilipozama nikawasha. Hakuna magari. Kioo cheusi, na maandishi meupe ya Kiingereza na namba. Nikazima, nikawasha. Namba zile zile. Sikufika mara tisa. Nilikaa kwenye kile kiti cha Benon, usukani mbele yangu, nikasali. Halafu nikampigia Musimenta.

Jumapili alishuka kwenye gari la kwanza kutoka Kasese. Mkononi alikuwa na mfuko wa bisibisi na kipimo chake cha umeme. Kompyuta aliiacha, alifikiri ni waya umelegea. Akapima moto unaoingia kwenye kijisanduku: upo. Akabadilisha waya: bado. Akaondoa vumbi, akabana kila kichwa cha waya: bado. Akakaa chini, magoti juu, akanitazama.

"Mama, nikuulize. Wiki yote hii, kale kataa kalipepesa?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Nilikiangalia kila asubuhi. Hakikupepesa."

Akashika kichwa. "Basi haikuwa inasoma kadi. Tangu Jumanne." Akanieleza taratibu. Mashine hii ikishasoma mchezo, inauweka ndani ya kumbukumbu yake, na iko betri ndani inayoishikilia. Betri imezeeka. Usiku mmoja inavumilia. Usiku na mchana mzima haiwezi. "Magari uliyoyaona Jumanne ni yale yale ya diski, mama, ya ile siku ya mara tisa. Yalikuwa yamebaki ndani. Ulipoizima siku ya Sabato, yakapotea. Ungeiacha inawaka mpaka leo, ingecheza, na hakuna mtu angejua."

Akachomoa kadi, akaitia kwenye simu yake. Nikamwona anasoma, anasogeza kidole, anasita. Ndani ya kadi mchezo haukuwepo. Palikuwa na vifuko vitupu tu vya picha na nyimbo, vile ambavyo simu inajitengenezea, na kila kimoja kimeandikwa siku na saa. Jumanne, saa saba mchana. Yeye saa saba Jumanne alikuwa jikoni kwangu anakula ugali. Akanitazama mara moja tu, akashusha macho.

Kwa sauti ndogo akasema, "Mama, kile kifaa cha zamani bado kipo hapa. Tukikirudisha tukakibembeleza, kinaweza kusoma mara moja ya mwisho. Mzee ataona magari. Halafu mimi na wewe tutashughulika na kadi wiki ijayo, polepole."

Sitasema sikutamani. Nilikitazama kile kifaa kwenye kona, kimefungwa katika gazeti. Dakika kumi tu, na chumba ni changu. Lakini kabla sijafungua mdomo, fimbo ya Mzee Kathembo iligonga kizingiti, na Nobert nyuma yake, na mkononi ana kamba ya kupimia.

Tulisalimiana. Mzee akakaa. Akatazama kioo cheusi, akatazama ule mgongo ulio wazi.

"Inacheza?"

"Bado, Mzee," Musimenta akasema. "Kadi iko tupu."

Nobert akacheka kwa sauti. "Nilisema mimi! Hawa mafundi wa Kasese! Ameuzia mjane kadi tupu, amechukua kifaa kizuri. Wewe binti, kesho utamwekea nani sanduku tupu? Nitasema pale stendi, nitasema mpaka Katunguru darajani, kila mutu akujue. Fundi gani huyu?"

Niliona masikio ya Musimenta yanabadilika rangi. Simu ilikuwa bado mkononi mwake, na tarehe na saa ziko palepale. Angeweza kuigeuza tu, Mzee aone. Hakuigeuza. Aliifunga, akaiweka mfukoni, akasema, "Nisamehe, mzee wangu. Nilipaswa kungoja nione taa inapepesa ndipo nipande gari." Na hilo lilikuwa kweli. Lakini lilikuwa nusu. Ile nusu nyingine alikuwa ameimeza kwa ajili yangu, kwa sababu mimi ni mama wa kanisa na yeye ni binti, na binti hamwaibishi mama mbele ya mashemeji.

Nimesuka mikeka miaka mingi. Najua ukili mmoja ukiupitisha pasipo pake na ukanyamaza, unaendelea kusuka juu ya kosa.

"Mzee," nikasema, "kadi niliifuta mimi."

Nobert akaacha kukunjua kamba.

Nikaeleza yote. Simu, maneno ya Kiingereza, kumbe inaomba ruhusa ya kufuta kadi, OK, OK. Nikasema niliogopa uchafu usiingie nyumbani, nikamkagua mtoto wa watu kisirisiri kama askari wa forodha, badala ya kumuuliza. Kadi ilikuja imejaa. Mikono yangu ndiyo iliyoimwaga. Nikasema na habari ya kifaa cha zamani kilichoko kwenye kona, kwamba kingeweza kutuchezea leo, na kwamba sikukitaka tena.

Mzee aliinamia fimbo yake. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka. "Ulitafuta shetani ndani ya kadi," akasema, "ukamfukuza pamoja na magari."

"Mzee, neno lilikuwa wazi," Nobert akasema. "Ikifa, chumba ni changu. Imekufa. Nipime?"

"Kompyuta yangu iko Kasese kwa mwenzangu Kosmasi," Musimenta akasema haraka. "Akiitia kwenye gari sasa hivi, saa nane itakuwa hapa. Mchezo upo ndani yake. Kunakili ni dakika chache."

"Leo bado ina jua," Mzee akasema. "Mutu hakatai mgonjwa kabla dawa haijafika. Nobert, keti."

Nobert hakuketi. Alipima chumba urefu na upana, akihesabu magunia kwa sauti ili nisikie. Mimi niliwapikia chai, nikapika na ndizi. Saa nane na nusu dereva akashusha kompyuta imefungwa kwenye kanga. Musimenta akanakili mchezo, na safari hii kadi haikutoka mkononi mwake isipokuwa kuingia kwenye kijisanduku. Akanipisha nyuma ya mashine. "Mama, wewe angalia taa. Mimi nitaangalia kioo."

Nilipiga magoti. Akawasha. Kitaa kikawaka, kikatulia. Nikahesabu moyoni. Halafu kikapepesa. Kikapepesa tena, haraka haraka, kama jicho lililoingiwa na moshi. Sikuhitaji kutazama kioo. Nilisikia muziki wa magari, nikasikia Nobert akisema "Ah."

"Basi," Mzee akasema, akishika fimbo. "Chumba..."

"Mzee, naomba usitoe neno leo," nikasema.

Musimenta akageuka kunitazama kama nimeugua.

"Jumanne ilicheza pia," nikasema. "Ilicheza siku nne, na ilikuwa inakula akiba. Utoe neno leo, halafu shemeji atabaki na wasiwasi wake, na mimi na wangu. Ijumaa nitaizima kama kawaida. Njoo Jumamosi jua likizama. Ikiamka yenyewe, sema. Isipoamka, nitampa shemeji ufunguo kwa mkono wangu."

Nobert alikubali kabla Mzee hajafungua mdomo.

Wiki ile sikulala sana. Ijumaa nilipochomoa waya, mkono wangu ulibaki ukutani kidogo. Kisha nikatandika kitambaa, nikaenda kuoga, nikawahi ibada.

Jumamosi walikuja mapema, wakakaa uani wakingoja jua liishe nyuma ya vilima vya Kongo. Nobert alikuja na kamba. Musimenta alikuja na mama yake, wamevaa nguo za kanisani. Nilitoa kitambaa, nikakikunja mara nne. Nikachomeka waya. Nikapiga magoti pale nyuma, nikawasha kwa mkono wa kushoto, macho kwenye kile kitaa.

Kilitulia kwa muda mrefu kuliko ile Jumapili. Halafu kikapepesa.

"Nobert," nikasikia Mzee Kathembo anasema juu ya kelele za magari, "hiyo kamba ifunge. Kafungie mbuzi."

Afande Drani alikuwa amekwishakaa kwenye kiti, sarafu mkononi. Nikarudi mlangoni, nikachukua ukili wangu. Ulikuwa na kosa mstari wa tatu, nilipokuwa nasuka kwa wasiwasi. Nikaufumua.