Lindo Mbele ya Ghala

Jumamosi hiyo Yunisi Nyabenda alikuwa uani kwake Buzebazeba akichuja mawese na kuyamimina kwenye chupa, alipogundua kwamba jua limeshaelekea Kongo, ng'ambo ya ziwa, na binti yake hajarudi shuleni. Armelle alikuwa kidato cha tano. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye somo la uongozi wa kijeshi, akarudi kabla ya chakula cha mchana ana vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, akala kama mchukuzi wa bandarini. Siku hiyo ugali ulifunikwa, ukafunuliwa, ukafunikwa tena.

Somo lenyewe Yunisi hakulipenda tangu mwanzo. Lilifundishwa na wastaafu watatu wa jeshi: Kapteni Eliakimu, mkubwa wao kwa cheo na kwa tumbo, Sajenti Feliksi, mwenye sauti, na Koplo Gasper, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba vitu. Mkuu wa shule, Madam Catherine, aliwaeleza wazazi mkutanoni kwamba vijana wa siku hizi hawana nidhamu, na pasipo nidhamu hakuna uongozi. Wazazi walipiga makofi. Yunisi naye alipiga, maana familia yake ilitoka Burundi, na mtu wa kwao akichelewa kupiga makofi huonekana upesi. Lakini moyoni alijiuliza wazee watatu wenye pensheni zao wanapata nini kwa kuchomwa na jua kila wiki bila malipo.

Aliosha mikono, akaenda shuleni. Alimkuta Armelle nyuma ya madarasa, amesimama mguu sawa mbele ya ghala, bunduki ya mbao begani. Uwanja ulikuwa hauna mtu. Vivuli vya majengo vilikuwa vimelala kuelekea mashariki, kama inavyotakiwa jioni. Kivuli cha Armelle kilielekea ziwani, kirefu na chembamba, kivuli cha asubuhi, na nyasi chini ya viatu vyake zilikuwa bado zina umande.

"Twende nyumbani, mwana wanje," Yunisi alisema.

"Siwezi, mama. Niko lindo."

"Nani kakuweka?"

"Koplo. Aliambiwa na Sajenti."

"Na njaa je?"

"Nimekula sasa hivi. Si umenipa viazi na chai?"

Yunisi alisogea akaingia kwenye ile asubuhi. Ilikuwa na ubaridi, na kivuli chake mwenyewe kiligeuka kikaangalia ziwani. Alimshika mtoto shavu. Lilikuwa linanukia sabuni. Alimvuta mkono, halafu akamvuta kiuno, lakini ilikuwa kama kuvuta nguzo ya umeme, na mwisho alichoka akaacha.

Kilichomkaa rohoni wakati anarudi hakikuwa kivuli. Kilikuwa kufuli. Mlango wa ghala ulikuwa wa mbao zilizooza, mbuzi mwenye haraka angeuangusha, lakini ulitiwa kufuli jipya, kubwa, la kung'aa. Humo ndani ndimo yalimowekwa mabati na saruji ya bweni la wasichana. Kila mzazi alileta bati, kwa sababu wasichana wa Mwandiga walikuwa wanatembea alfajiri peke yao kuja shule na watu walishachoka kusikia yanayowapata njiani. Yunisi alilileta la kwake kichwani siku aliyokamua mawese, na kiganja chake kilibaki kwenye bati kwa rangi ya chungwa. Sasa bweni halijaanza kujengwa hata msingi, na wamemuweka mtoto alinde.

Tena hawakumuweka mtoto yeyote. Darasa zima lilikuwa na watoto wa watu ambao wangesimama kidogo, wangechoka, wangetupa ule mti na kwenda kuogelea. Armelle alilelewa na mama aliyemwambia tangu akiwa mdogo: ukiona magwanda, simama, jibu unachoulizwa, usiondoke mpaka uruhusiwe. Yunisi alikuwa ameyasema kwa mapenzi. Sasa kila mara aliporudia maneno hayo kichwani yalimuuma.

Jumatatu aliwakuta wastaafu ofisini kwa Madam Catherine, wanakunywa chai.

"Shikamooni, wazee wangu. Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Marahaba, mama," Kapteni alisema. "Mimi sitoi amri kwa mwanafunzi. Natoa kwa Sajenti."

"Mimi nilipeleka kwa Koplo kama nilivyopewa," Sajenti alisema.

"Nilimweka, ni kweli," Koplo Gasper alisema akiangalia kikombe. "Lakini kuweka si kuamuru."

"Basi mtoeni, yeyote kati yenu."

Kapteni alimweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu asiyejua Kiswahili vizuri. Amri ya lindo hufutwa na aliyeitoa, na kabla ya kuifuta lazima kinacholindwa kikaguliwe. Ghala lifunguliwe, mali ionekane mbele ya wazazi. Hayo yana utaratibu wake, na utaratibu haukurupukiwi. Madam Catherine alisema kwamba kwa kweli yeye kama mlezi amefurahishwa mno na Armelle, na kwamba ameagiza vidato vingine viende kumtazama.

Yunisi alitoka, akaenda moja kwa moja ghalani, akapiga mlango kwa ngumi. Ghala liliitika kama dumu lisilo na kitu.

"Ni tupu, mama," Armelle alisema bila kugeuza kichwa. "Nilijua tangu walivyoniweka."

"Sasa unalinda nini?"

Armelle alifikiri. "Mlango," alisema.

Siku zilikwenda, na shule ikamzoea. Mvua za masika zilinyesha zikamruka, kwa sababu Jumamosi ile haikunyesha. Kuku wa mpishi walihamia miguuni pake, na jogoo, akidanganywa na ile asubuhi isiyokwisha, akawika mchana kutwa mpaka mwalimu wa fizikia akaomba achinjwe. Rafiki zake walikuja kumsomea madaftari. Aliwasikiliza vizuri, lakini hayakukaa, maana kwake ilikuwa bado Jumamosi na Jumamosi hakuna masomo. Wenzake walirefuka, mmoja akaota ndevu. Armelle alibaki na misuko yake ileile mipya, kucha zilezile. Ikasemekana kwamba darasa likiingia kidato cha sita, asiyeingia nalo hatasajiliwa kufanya mtihani. Hilo ndilo lililomnyima Yunisi usingizi. Alikuwa ameuza mawese tangu mtoto yuko mgongoni, ili siku moja mtu wa nyumba yao aingie ofisini kupitia mlango wa mbele na asiulizwe ametoka wapi.

Alikwenda ofisi ya kata. Kabla hajamaliza salamu aliulizwa ametoka wapi. Alitoa cheti cha uraia kwenye mfuko wa nailoni; ofisa alikisoma mbele, akakigeuza akasoma nyuma ambako hakujaandikwa kitu. Kisha akamwambia ashukuru. Kuna wazazi wanalia watoto wao hawatulii.

Akarudi na mawese yake sokoni Mwandiga, na huko, kando ya barabara, aliona kantini mpya. Wastaafu walikuwa wamekaa barazani wanacheza bao, na Madam Catherine amekaa nao na soda. Yunisi aliinua macho juu. Katikati ya paa, kwenye bati moja, kulikuwa na kiganja cha rangi ya chungwa. Masika yote hayakukifuta. Aliweka kiganja chake hewani akakipima kwa jicho moja, kikakaa sawasawa. Angemwambia nani? Wote wa kuambiwa walikuwa pale chini ya kivuli cha bati lake.

Lakini Koplo Gasper alimwona anavyopima. Jioni alikuja nyumbani kwake eti kununua mawese, akasimama anaizungusha chupa mkononi.

"Mama Armelle, mimi ni mtu mdogo," alisema.

"Ego, ndiyo, naliona hilo."

"Siwezi kufuta amri. Ila kubadilisha zamu si kufuta amri. Mlinzi akipokewa na mlinzi mwenzake, lindo linabaki palepale. Ghala halifunguliwi. Hakuna anayeulizwa chochote."

 Yunisi alimshuku alipokuja, na sasa alimshuku zaidi, kwa sababu alikuwa anasema la maana. "Nani ampokee? Kila mtoto ana mtihani wake."

 Koplo aliangalia kiatu chake.

"Nifundishe mimi," Yunisi alisema.

Alimfundishia uani, nyuma ya pipa la kuchemshia ngazi za michikichi, na mchi wa kinu ukawa bunduki. Mguu sawa, mguu pande, kulia geuka. Majirani walichungulia juu ya ua wakasema Mama Armelle anapunguza mwili. Alikosea kushoto na kulia kwa muda mrefu, na Koplo hakumfokea hata mara moja. Labda ni aibu, labda ni umri. Yunisi hakumwamini hata hivyo. Alikuwa na mpango wake. Yeye si mwanajeshi wala mwanafunzi, hana cheo cha kuvuliwa. Mtoto akishavuka geti tu, atatupa mchi chini na kwenda nyumbani kupika, na lindo lao wataona wenyewe watalifanya nini.

Zamu ilibadilishwa Jumamosi, darasa zima likitazama. Kapteni na Sajenti nao walikuwepo, na hawakupinga, kwani kila kitu kilikuwa ndani ya utaratibu. Yunisi alivaa kitenge kilichopigwa pasi. Alitembea mbele ya Koplo, akasimama uso kwa uso na binti yake kwenye ule ubaridi, mchi begani.

"Lindo liko salama," Armelle alisema.

"Nimelipokea," Yunisi alisema. Halafu, kwa sauti ya nyumbani, akaongeza, "Kuna ugali na mgebuka kwenye hotipoti. Nenda ukasome."

Armelle alipiga hatua moja nje ya asubuhi yake, na miezi yote ikamdai. Misuko ilifumuka, nywele zikashuka mabegani wakati anatembea. Sketi ilipanda juu ya magoti. Njaa ilimpiga mpaka akachutama katikati ya uwanja, na wenzake wakamletea maandazi, akala amechutama, akanyanyuka, akaenda. Alikuwa mrefu kuliko mama yake sasa. Yunisi alimwangalia mgongo, alimpenda vibaya sana.

Armelle alifika getini. Yunisi aliuambia mguu wa kulia utoke. Haukutoka. Aliuambia wa kushoto, nao ukakaa kimya. Hakushangaa, alikasirika tu, hasira iliyomchemka ikabaki inachemka kwenye joto lilelile, kwa sababu tangu hapo kwake ikawa ni Jumamosi hiyo, saa hiyohiyo, na binti yake alikuwa anatoka getini. Kila alipoinua macho alikuwa anatoka getini.

Kwa hiyo Armelle alipokuja jioni kumpa habari za shule, mama yake alimwona mara mbili, mmoja pembeni yake na mmoja anaondoka. Alikuja kumwambia amesajiliwa. Alikuja kumwambia amefaulu na anakwenda chuo Dodoma. Yunisi alisema ego, mwana wanje, vaa sweta, Dodoma kuna upepo. Koplo Gasper ndiye aliyemchujia mawese na kuyauza, na alileta kila alichopata, na Yunisi alizihesabu chupa zilizorudi bila kumwangalia usoni.

Kidato cha tano kipya kilipoingia, Sajenti alikipitisha mbele ya ghala kwa safu. Kapteni aliwaonyesha Yunisi kwa fimbo, akasema mnaona, mama mtu mzima, huu ndio uongozi. Walimpigia saluti. Wiki hiyo Madam Catherine aliitisha mkutano wa wazazi kuhusu bweni la wasichana, na wazazi wakaanza kuleta mabati.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka Kasingirima, Recho, bati kichwani, jasho linamtiririka. Alilishusha taratibu lisijikunje, akalitegemeza ukutani.

"Shikamoo, mama," alisema. "Niliache hapa?"

"Marahaba. Usiliache. Rudi nalo nyumbani," Yunisi alisema. "Ghala ni tupu. Ya mara iliyopita yote waliyala."

Recho alimtazama. Aliutazama mgongo ulionyooka, kitenge kisicho na kunyanzi, mchi uliotulia begani, kufuli linalong'aa nyuma yake. Akacheka kidogo, kwa heshima.

"Lingekuwa tupu, mama, wasingekuweka," alisema, akajifuta jasho, akaenda kumwita shoga yake naye alete la kwake.