Mahali pa Victoire

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, na nukta ya wino imeshaanza kutanuka mbele ya neno *Mtunzi*, lakini Emerance hakuandika kitu. Mkono ulimwia mzito. Upande wa pili wa cherehani, Charline, msichana aliyeileta fomu ile, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti akijitahidi asionekane mwenye haraka. Haraka alikuwa nayo, tena kwa haki. Fomu ilitakiwa irudi televisheni Jumanne asubuhi, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Ni hapo tu, mama," Charline alisema. "Jina na sahihi. Kwenye daftari ya kwaya jina lako ndilo liko, hakuna lingine."

"Najua liko," Emerance alijibu, macho yake hayatoki kwenye ile nukta.

Mtaa mzima wa Ndosho, hapo Goma, ulikuwa ukimzungumza Charline. Mashindano ya kuimba ya televisheni aliyoyaingia yalikuwa yamejaa vijana waliojitia mastaa: huyu ameiga kilio cha mwimbaji fulani, yule amebeba mpaka kikohozi cha mwingine, na wa tatu analia kwa Kiingereza ambacho hata salamu yake haijui. Charline mwenyewe, wiki ya kwanza, aliimba wimbo wa staa mmoja bila kukosea hata herufi, na jaji akamwambia kwa upole, "Binti, redio ninayo nyumbani." Alilia siku mbili. Wiki ya tatu akaja na wimbo aliousikia kwa mama yake, aliyekuwa mwanakwaya wa parokia zamani hizo. Aliuimba bila ala yoyote.

*Mkono wangu waniuma,*
*chumvi imeingia kidondani.*

Kisha akanyamaza. Si kunyamaza kwa mtu aliyesahau. Alinyamaza pumzi nne nzima, watu ukumbini wakainua shingo, ndipo akaendelea na ubeti wa pili, na baada yake akanyamaza tena. Yule jaji alivua miwani. "Wimbo umeuazima," alisema, "lakini kimya kile ni chako. Huko ndiko kubuni." Watu wakapiga makofi mpaka mtangazaji akakata tamaa ya kusema. Sasa Charline alikuwa ameingia fainali, na sheria ya fainali ilikuwa moja: anayeimba wimbo wa mtu alete kibali cha mtunzi, la sivyo achague kwenye orodha yao, ambayo ilikuwa ya nyimbo za mastaa walewale.

Emerance aliyaona yote hayo kwenye televisheni ya sebuleni kwake, na badala ya kufurahi aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Kimya kile hakikuwa cha Charline. Wala hakikuwa chake yeye.

"Niachie karatasi hii mpaka jioni," alisema hatimaye.

Charline aliitazama fomu. "Kuna shida, mama? Kama hutaki niuimbe, uniambie tu, nijue."

"Nataka uuimbe. Lakini hatukuwa mutu mmoja tulioutunga, mutoto wangu. Tulikuwa wawili."

Wimbo ule ulizaliwa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kwenye meza za samaki, Emerance akiwa na miaka ishirini na Victoire ishirini na mmoja. Emerance alitoka kwa wafugaji wa Rutshuru, Victoire kwa wafanyabiashara wa Butembo, na kazi ilikuwa imewakalisha meza moja, kupasua samaki na kuwatia chumvi tangu alfajiri, viboko wakipita nyuma yao kama wenye mji. Siku moja mwiba wa kambale ulimchoma Emerance kiganjani. Chumvi ikaingia. Akaugeuza uchungu wimbo ili asilie mbele ya watu, na Victoire, bila hata kuinua kichwa, akamwitikia. Basi ikawa hivyo kila siku: mmoja akilalamika, mwenzake akimjibu. Nusu na nusu.

Baadaye Emerance aliolewa, akahamia Goma, akajiunga na kwaya. Mwalimu wa kwaya alimsikia akiuimba wimbo ule peke yake, akapenda, akasema urekodiwe. Akataka kumweka mwanamke mwingine aitikie. Emerance alikataa katakata. Mahali pale hapakuwa pa mtu mwingine. Wakapaacha wazi. Padri akasema ni vizuri, hiyo ni roho inayomsubiri Mungu ajibu, na toka siku hiyo parokia nzima ikawa inanyamaza pale kwa heshima kubwa. Mpaka hapo Emerance hakuwa na kosa. Kosa lilikuja mwalimu alipofungua daftari akauliza, "Tuandike mtunzi nani?" na yeye akataja jina moja.

Kanda ilipigwa redioni, ikafika Vitshumbi. Mwezi mmoja baadaye mchuuzi wa samaki alimletea Emerance salamu za neno moja kutoka kwa Victoire: "Nimesikia." Hakuijibu salamu ile. Miaka ikapita, mingi. Vita vilipomtoa Victoire kwake, akaja kukaa kwa mwanawe, Lévi, huko Munigi, nje kidogo ya mji wa Goma, na Emerance akapata habari ndani ya wiki moja. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Tangu wakati huo, kila alipokuwa na safari ya kuelekea upande ule, alitafuta sababu ya kutuma mtu.

Siku hiyo hakutuma mtu. Aliifunga cherehani, akaikunja fomu ndani ya kitenge, akasimamisha pikipiki ya abiria impeleke Munigi.

Victoire alikuwa amekaa mbele ya nyumba ya mbao, anachambua maharage kwenye ungo. Alimtazama mgeni akishuka, akilipa, akikanyaga mawe meusi ya volkeno kwa viatu visivyofaa. Hakusimama.

"Umenenepa," alisema.

Halikuwa tusi, wala haukuwa msamaha. Emerance alibaki amesimama mpaka alipoonyeshwa kigoda kwa kidevu.

"Kutoka Ndosho mpaka hapa, pikipiki inachukua dakika ngapi?" Victoire aliuliza.

"Ishirini na tano."

"Ishirini na tano." Aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Na miaka miwili niko hapa."

"Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa nitakupiga?"

"Niliogopa hutanipiga. Niliogopa utanipa chai kama mgeni yeyote."

Victoire aliendelea kuchambua. "Siku ile nilikuwa nimebeba beseni kichwani," alisema. "Nikasikia sauti yako redioni, nikasimama palepale njiani, maji ya samaki yananitiririkia shingoni. Ulipomaliza, yule mtangazaji akasema: mtunzi na mwimbaji, Emerance. Nikajiambia, ngoja, sasa atanitaja. Nikangoja. Wakaweka tangazo la sabuni."

"Waliotaka kuimba sehemu yako niliwakatalia. Nilisema pabaki wazi."

"Aksanti. Jina ukachukua wewe, mimi ukanigawia kimya."

Emerance njiani alikuwa amejipangia maneno mengi: ujana, ugeni, mwalimu mwenye haraka. Yote yalimtoka kichwani. "Nilikuibia," alisema. "Nilikuwa mgeni Goma, hakuna aliyenijua, na siku moja watu wakaanza kuniita mtunzi. Nikanogewa. Kila mwaka uliopita ukafanya kusema kuwe kugumu zaidi. Nisamehe, Victoire, au usinisamehe, lakini jambo ndilo hilo."

Akatoa fomu, akaeleza habari za Charline, za fainali, za Jumanne. Victoire aliisoma taratibu, midomo ikicheza.

"Kuna mstari mmoja tu," alisema.

"Ndiyo sababu nimekuja. Andika lako."

Victoire aliishika ile karatasi muda mrefu, kisha akaiweka juu ya maharage. "Nisaini nini? Sehemu yangu siikumbuki."

Emerance alidhani hakusikia vizuri.

"Nilijikataza," Victoire alisema. "Wimbo ule ukinijia kichwani, haraka naanza wimbo mwingine, wa kanisa, wa arusi, wowote. Mwaka wa kwanza ulikuwa kazi. Baadaye ukaondoka wenyewe. Nusu yako naijua, nani asiyeijua? Yangu imepotea."

Hilo Emerance hakulitarajia. Alikuwa amekuja tayari kwa hasira, kwa matusi hata, na sasa aliona kitu kibaya zaidi: alichokichukua hakikuwa jina tu. Machozi yalimlenga. Lakini maneno yenyewe hayakupotea, alikuwa nayo. Kila misa, kila arusi, kwa miaka yote ile, watu walipokuwa wakinyamaza pumzi nne, yeye alikuwa akiimba moyoni jibu la Victoire, midomo imefumba. Hakuwahi kulitoa kwa sauti. Alilitoa sasa.

*Lete hapa niupulize,*
*pumzi yangu haina chumvi.*

Mikono ya Victoire ilitulia kwenye ungo. "Nani alisema hivyo?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Siku ile ya kambale. Hata hukuacha kazi. Ulisema huku unapasua samaki."

Victoire alicheka, cheko fupi la kustaajabu, kisha akajifuta macho kwa kifundo cha mkono, vile walivyojifuta zamani vidole vyao vilipokuwa na chumvi. "Ni maneno mazuri," alisema, kama mtu anayesifu kazi ya jirani.

Akaomba kalamu. Juu ya mstari akaandika jina lake kwa herufi kubwa za shule ya msingi, akiibana midomo, kisha akamrudishia Emerance karatasi. "Wewe andika chini yake. Wakisema nafasi haitoshi, waongeze mstari, kwani ni dhahabu?"

Emerance aliandika, mkono mwepesi safari hii.

"Imba ya kwako," Victoire alisema. "Tuone."

Emerance aliimba. Mkono wangu waniuma. Chumvi imeingia kidondani. Akanyamaza. Pumzi moja, mbili. Jirani aliyekuwa akifua akageuka kutazama. Sauti ya Victoire ilikuja imechelewa, imekwaruza, ikiutafuta wimbo kwa kupapasa.

*Lete yote, lete miwili,*
*pumzi yangu haina chumvi.*

Sivyo ilivyokuwa. Ulikuwa mkono mmoja. Mwiba ulichoma mmoja. Emerance, aliyekuwa amewasahihisha wanakwaya miaka ishirini bila kumwonea haya hata katekista, alikwishafungua mdomo. Kisha maneno yale yakamfika: safari hii Victoire hakuwa akiujibu mwiba wa kambale tu.

"Nimekosea?" Victoire aliuliza.

"Hapana," Emerance alisema. "Imba tena, polepole. Niishike hiyo, nikamfundishe Charline."