Tangazo la Bwana Kiza

Kwenye kiwanda kile cha vitabu alikuwapo mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutisha watu, na kazi hiyo aliijua barabara. Alikuwa mfasiri. Alichukua riwaya za Kiingereza, zile za nyumba zenye siri na maiti anayeonekana ukurasa wa tisini, akazitia Kiswahili mpaka msomaji akaogopa kwenda chooni peke yake. Wenzake walimwita Bwana Kiza. Jina lilimkaa, akalipenda, na ungemwita vinginevyo angenuna.

Alikuwa na daftari lililokuwa halimtoki mkononi. Humo aliweka maneno ya hofu aliyoyaokota kwa Waingereza, na kila saa ya chai alishuka nalo chumba cha kujalidi, kule vitabu vinakoshonwa na kutiwa majalada, kuwapigia wenzake mhadhara ambao hakuna aliyeuomba.

"Sisi tukitaka kumtisha mtu tunapiga kelele," alisema, kikombe mkononi. "Mwandishi wa Kiingereza hapigi kelele ng'o! Hakwambii muuaji yumo ndani. Anakwambia mbwa leo hakubweka. Anakwambia mama alitandika kitanda kama kawaida. Hiyo 'kama kawaida' ndiyo kisu chenyewe! Anakwambia, 'Binti alikuwa bado anacheka.' Ukiona hiyo 'bado', jua kuna msiba. Ila cha kuogopa chenyewe hakitaji. Akikitaja tu, hofu imekufa."

"Kwa hiyo, kaka, nyumba ikiungua utatuambiaje?" aliuliza Sindano. "Utasema leo kuna kijoto?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Sindano alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, ni yeye Bwana Kiza aliyemlea, akamsomesha, kisha akamwombea kazi pale pale. Mdogo mtu alishona kurasa za vitabu kwa mkono, upesi na kwa unadhifu, na ndiyo maana wakampa jina hilo. Kaka mtu hakuwa na mwingine duniani, na hilo alilisema waziwazi, hata mbele za watu.

Basi Jumatatu moja akashuka mapema, akakuta vumbi jeupe juu ya meza ya Sindano. Akatazama juu. Boriti iliyoshika dari ilikuwa na ufa. Akapanda juu ya kiti, akatia kalamu yake ya risasi kwenye ule ufa, kalamu ikazama yote. Juu ya dari hiyo ndiko kulikokuwa na ghala, na ghalani walikuwa wamerundika nakala za riwaya yake mpya, maboksi kwa maboksi mpaka kwenye paa.

Alikwenda mbio kwa meneja. Meneja alikuwa na simu sikioni.

"Wewe na vitisho vyako!" alisema, simu kaifunika kwa mkono. "Fundi anakuja mwisho wa mwezi. Kama unaona kuna hatari, si wewe mwenye kalamu? Waandikie tangazo, mimi nitaligonga muhuri. Haya, nipishe."

Bwana Kiza akaenda kukaa, akaandika: "Boriti ya chumba cha kujalidi imepasuka. Msikae chini yake."

Maneno tisa, jamani. Tisa! Angeyabandika hayo akaenda zake, mimi leo nisingekuwa na cha kusimulia, na ningefurahi sana kukosa. Lakini aliyasoma, akayasoma tena, akakunja uso kama aliyeonja mboga isiyo na chumvi. Maneno makavu, hata karani wa bohari angeyaandika. Watu wangesemaje? Bwana Kiza mzima, hofu kaisomea miaka kumi na minane, ndiyo aandike hivi? Akakifinyanga kile kikaratasi, akakitia mfukoni, akafungua daftari. Kazi hiyo ilimla mchana kutwa, na tuseme kweli, aliifurahia. Kesho yake tangazo likawa ubaoni, limepigwa muhuri:

"Kila asubuhi vumbi jeupe huanguka juu ya meza, mahali pale pale. Kila asubuhi mkono ule ule hulifuta. Hakuna anayetazama juu. Boriti imekaa kimya miaka thelathini, na kimya chake si kile cha zamani. Mshonaji ameketi kama kawaida. Bado anaimba."

Loh! Kiwanda kizima kikajaa mbele ya ubao. Fundi mitambo alilisoma kwa sauti nzito, akatua mahali pa kutua, na alipomaliza wakampigia makofi.

"Sehemu ya pili lini?" akauliza mmoja.

"Kaka, mwili umenisisimka!" Sindano alisema, anajipangusa mikono. "Yaani huyo mshonaji ni mimi?"

Hapo ndipo pa kumwambia. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, asingehitaji hata kuinua sauti. Lakini makofi yalikuwa bado masikioni, na kichwa kilikuwa kimeshavimba.

"Kwani hapa tuna mshonaji mwingine?" alijibu, akatabasamu.

Sindano akalipiga tangazo picha kwa simu, akarudi mezani kwake. Bwana Kiza alijiambia kwamba wenye akili wameelewa, na asiyeelewa ataelewa akilisoma tena. Jioni walikula pamoja, wakaongea habari za majirani. Jumatano aliamka amekata shauri kumwambia, lakini meneja akamshika mkono mbele ya watu wote, akasema maneno yale yatafaa sana kutiwa nyuma ya jalada la kitabu kijacho. Ungemwonaje mtu anayepewa mkono kisha akaanza kueleza habari za boriti? Akaona aibu. Akasema kesho, saa ya chai.

Kesho yake chai haikunyweka. Alikuwa ofisini kwake, anatafuta neno la kuelezea mawingu mazito, aliposikia mshindo uliotikisa kuta. Alishuka ngazi bila kujua anakanyaga wapi. Dari yote ilikuwa chini, na juu yake maboksi yaliyopasuka. Wafanyakazi wawili walikuwa wametoka wenyewe, na michubuko. Sindano hakuonekana. Bwana Kiza alichimba kwa mikono, akitupa vitabu nyuma yake kimoja baada ya kingine, na kila alichokishika kilikuwa na jina lake juu.

Walimtoa akiwa hai. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya boriti, na hospitali waliukata juu kidogo ya kifundo.

Siku ya tatu ndipo aliporuhusiwa kumwona. Alikaa ukingoni mwa kitanda, daftari hana.

"Ulijua?" Sindano aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu tulikula ubwabwa pamoja. Jumanne tena. Mdomo ulikuwa nao, kaka."

"Niliandika, mdogo wangu."

"Uliandika, ndiyo. Nilisoma mara mbili. Niliona fahari, nikawaambia wenzangu, mnaona kaka yangu? Kisha nikaenda kukaa pale pale."

Bwana Kiza alilia, akatafuta leso mfukoni. Kilichotoka ni kile kikaratasi. Sindano alinyoosha mkono uliobaki, akakikunjua juu ya goti taratibu, maana hakuuzoea mkono huo, akakisoma.

"Hiki uliandika lini?"

"Kabla ya lile."

"Mbona hukukibandika?"

Alitaka kudanganya, akashindwa. "Nilikiona hakina ladha."

Sindano alikitazama tena, halafu akamrudishia.

"Hiki ningekielewa," alisema, akageukia ukutani.